Nani Kamhamisha Nani? Vitenzi vya Kuondolewa na Somo la Ngarenanyuki

Ndugu wanachuo wenzangu, hasa sisi wa elimu tunaojiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha, naomba tuzungumze kuhusu vitenzi. Najua, ukisikia neno "vitenzi" unataka kufungua ukurasa mwingine. Subiri kidogo. Nazungumzia vitenzi vya kumtoa mtu mahali: kwenye kiti chake, kwenye shamba lake, kwenye nyumba yake, kwenye chumba alicholipia kodi. Tunavitumia kila siku, tutavifundisha kwa miaka zaidi ya thelathini, na sioni kama kuna mtu anatufundisha kuvitazama vizuri.

Kwenye somo la Kiingereza tunapewa orodha. Evict ni kumtoa mtu kwenye nyumba au ardhi. Depose ni kumtoa mfalme. Oust ni kumtoa kiongozi. Expel ni kumtoa mwanafunzi au mgeni. Mwanafunzi anakariri, anajaza nafasi zilizoachwa wazi, anapata alama zake, maisha yanaendelea. Kwa Kiswahili hata hiyo orodha hatuna. Tunadhani kwa kuwa ni lugha yetu basi tunaijua. Matokeo yake tunaweza kumaliza shahada nzima bila kujiuliza kwa nini mtu mmoja "ananyang'anywa" shamba na mwingine "anapisha" mradi, ilhali wote wawili jioni hiyo wanalala sehemu ambayo hawakuichagua.

Hoja yangu ni hii: kwenye jambo la kuondolewa, kitenzi ndicho kinachoamua nani ataonekana na nani atafichwa. Mwalimu asiyejua hilo atawafundisha watoto kuficha pamoja na wanaoficha.

Tuanze na madaraka, maana huko Kiswahili kimejitajirisha. Tazama jinsi tunavyosema: kuvuliwa uongozi, kupinduliwa, kubanduliwa, kutenguliwa uteuzi, kung'olewa. Wale wa isimu mtanielewa haraka. Vua ni kinyume cha vaa. Bandua ni kinyume cha bandika. Lugha yetu inakichukulia cheo kama nguo uliyovalishwa au karatasi iliyobandikwa ukutani. Kilichowekwa kinaweza kutolewa, na mtu akabaki mtu. Mimi naona ni hekima kubwa hiyo. Waziri aliyevuliwa uwaziri hajapungua kitu mwilini. Kavuliwa koti tu, na koti lenyewe halikuwa lake.

Lakini angalia tulivyolifanya neno "uzulu". Kitenzi kuuzulu maana yake ni kumwondoa mtu kwenye cheo. Kamusi zinacho. Lini umekisikia mtaani? Tulichobaki nacho ni kujiuzulu, yaani mtu kujiondoa mwenyewe. Februari 2008 Edward Lowassa, aliyekuwa mbunge wa Monduli hapa hapa mkoani kwetu, aliacha uwaziri mkuu kutokana na sakata la Richmond, na neno lililotumika lilikuwa alijiuzulu. Januari 1984 Aboud Jumbe aliacha urais wa Zanzibar baada ya kubanwa na vikao vya chama, na yeye pia tunaambiwa alijiuzulu. Sisemi neno hilo ni la uongo, maana barua waliandika. Nasema ile herufi ndogo "-ji-" inafanya kazi kubwa sana. Inamfanya mtu awe mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja, na waliokuwa nyuma yake wakimsukuma wanatoweka kwenye sentensi.

Mfano mwingine mtamu ni kung'atuka. Mwalimu Nyerere alilichukua neno hili kutoka lugha yake ya Kizanaki na kulieneza alipoacha urais mwaka 1985. Kwetu kung'atuka ni kuondoka kwa hiari na kwa heshima, kama mzee anayeinuka ili kijana akae. Neno likavuka mpaka Namanga, na huko Kenya likapata maisha mapya: wao wanasema kumng'atua mtu, kwa lazima. Oktoba 2024, Bunge la Kitaifa na kisha Seneti walipomwondoa Naibu Rais Rigathi Gachagua, ungeweza kusikia kwamba amebanduliwa, ametimuliwa au amengʼatuliwa. Neno lile lile: kusini mwa Namanga ni mzee anayeaga, kaskazini ni mtu anayetolewa mlangoni. Mwanafunzi wa kidato cha pili akielewa hilo, ameelewa siasa na sarufi kwa pamoja.

Na anayeshinda ndiye anayechagua jina. Tarehe 12 Januari 1964 Sultani Jamshid aliondolewa Zanzibar, na tukio hilo tunaliita Mapinduzi, kwa herufi kubwa, na ni sikukuu ya taifa. Siku nane baadaye, tarehe 20 Januari, askari wa Tanganyika Rifles waliasi Dar es Salaam. Hao hawakufanikiwa, kwa hiyo tunayaita maasi, na hakuna sikukuu. Sitaki kulinganisha matukio mawili ambayo chanzo chake na watu wake ni tofauti kabisa. Nataka tu uone kwamba jina halikutoka kwenye kamusi.

Sasa tuje kwenye ardhi, na hapa ndipo roho yangu ilipo, maana tunasoma chini ya Mlima Meru na wengi wetu tunapita barabara ya Moshi kila wiki bila kujua tunapita nini.

Ukitoka Usa River, ukaiacha lami na kuzunguka mlima kwa upande wa mashariki kwenda kaskazini, unafika Ngarenanyuki. Zamani iliandikwa Engare Nanyuki. Leo ukitaja jina hilo sokoni Tengeru mtu anafikiria nyanya. Mwaka 1952 lilifika mpaka Umoja wa Mataifa, New York.

Kisa chenyewe, kwa kifupi. Wajerumani walipoutwaa mlima huu walianza na kuondoa viongozi. Tarehe 2 Machi 1900 walimnyonga Mangi Meli wa Moshi, pamoja na viongozi wengine, wakiwemo wa Meru na Arusha. Baada ya hapo ardhi nzuri ikagawiwa walowezi, wakiwemo Makaburu kutoka Afrika Kusini. Tazama mpangilio: kwanza madaraka, halafu mali. Aliyeondolewa kitini hawezi tena kukuzuia usichukue shamba.

Waingereza walipochukua nchi, Wameru walikuwa wamebanwa kati ya mlima na mashamba ya walowezi. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ikaunda tume chini ya Jaji Mark Wilson kuchunguza ardhi ya Arusha na Moshi. Kwenye karatasi, lengo lilikuwa la upole tu: kupunguza msongamano wa wenyeji na kupanga upya maeneo ili ya walowezi yakae pamoja na ya wenyeji yakae pamoja. Kilichotoka humo ni kwamba Wameru wa Engare Nanyuki waondoke, wapelekwe King'ori, na mahali pao pawe pa wafugaji wa Kizungu. Ndani ya eneo hilo yalikuwemo mashamba namba 31 na 328, ambayo Wameru walikwisha kuyalipia ili yarudi kwao. Yaani walikuwa wanatolewa kwenye ardhi waliyoinunua, ardhi ambayo ilikuwa yao hata kabla ya kuinunua.

Wameru walikataa kuhama na walikataa fidia. Novemba 17, 1951 kazi ya kuwatoa ilianza. Nyumba zilichomwa, mifugo ikaswagwa, na watu wapatao 3,000 wakaachwa bila makao.

Sasa rudi kwenye vitenzi. Kupanga upya. Kubadilishana maeneo. Kuhamisha. Vyote ni vitenzi safi, unaweza kuvitumia kwa fanicha. Na hapa ndipo nilipogundua tofauti kubwa kati ya maneno ya madaraka na maneno ya ardhi. Kwenye madaraka, kinachotolewa ni cheo na mtu anabaki. Kwenye ardhi, tukisema "kuhamishwa", kinachosogezwa ni mtu, kama kabati. Ardhi haitajwi kabisa! Ukisema "Wameru walihamishwa", hujasema kwamba kuna kitu walikuwa nacho. Ukisema "Wameru walinyang'anywa ardhi", umelazimika kutaja mali, na msikilizaji atauliza papo hapo: na nani?

Wameru waliuliza. Kirilo Japhet alikwenda New York mwaka 1952 pamoja na mwanasheria Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, kuueleza Umoja wa Mataifa kilichotokea. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, kwa hiyo Uingereza ilipaswa kujibu. Hebu fikiria: mtu kutoka miteremko ya Meru, miaka tisa kabla ya uhuru, anasimama mbele ya mataifa na kuulazimisha utawala ujieleze. Baraza la Udhamini lilisikitika lakini halikuamuru ardhi irudishwe. Desemba mwaka huo, kwenye Baraza Kuu, pendekezo la kutaka Wameru warudishiwe ardhi yao halikupata theluthi mbili ya kura zilizohitajika.

Kuna rafiki yangu wa utalii atasema, "Sasa unaona? Maneno yalisaidia nini? Walishindwa kura." Ni swali halali na silikwepi. Jibu langu ni kwamba malalamiko yale yalibadilisha aliyekuwa akiulizwa maswali. Kabla ya hapo ilikuwa ni suala la Wameru wabishi wasiotaka kuhama. Baada ya hapo likawa ni suala la serikali iliyochoma nyumba za watu. Habari za Meru zilizunguka Tanganyika, na kufikia TANU inazaliwa tarehe 7 Julai 1954, watu wengi walikwisha kusikia kwamba mkoloni anaweza kuitwa mbele ya baraza na kujibu. Mpango wa ufugaji wa walowezi haukufanikiwa, na ardhi ile hatimaye ilirudi kwa Wameru. Hizo nyanya unazokula mesi zinaweza kuwa zimetoka huko. Mwaka 1967 Japhet na Seaton walichapisha kitabu kuhusu kesi hiyo. Kiko kwa Kiingereza, na naomba maktaba yetu ituwekee nakala zaidi ya moja.

Hapa nitaingiza Kihispania kidogo, mnisamehe. Mnajua Arusha kila kijana anayeota uongozaji watalii anajifunza lugha ya tatu, na jirani yangu hosteli anajifunza Kihispania. Ananipa maneno, nami nampa maneno. Aliponiambia kwamba kumtoa mpangaji kwenye nyumba kwao ni desahuciar, nilichimba asili yake. Ndani yake limo wazo la kumwondolea mtu tumaini, na neno hilo hilo hutumika kwa mgonjwa ambaye madaktari wamemkatia tamaa. Na kumwangusha mtawala ni derrocar, ambamo limejificha neno mwamba, kana kwamba ametupwa kutoka juu ya jabali. Sisemi Wahispania ni wakarimu kuliko sisi. Nasema lugha yao, hata bila wao kutaka, inakumbuka kwamba aliyetolewa nyumbani ameumia. Je, "kupisha" yetu inakumbuka nini?

Maana "kupisha" ndilo neno la zama zetu. Wananchi waliopisha mradi. Kaya zilizopisha upanuzi wa barabara. Kupisha ni adabu: mzee akipita unampisha, mwenye mzigo unampisha. Neno zuri la malezi limeazimwa na kupelekwa kwenye alama nyekundu ya X ukutani. Mtu ambaye angekata rufaa dhidi ya kunyang'anywa anajisikia mkorofi akikataa kupisha. Nani hataki kuwa na adabu?

Nisieleweke vibaya. Serikali yoyote inahitaji ardhi kwa barabara, shule na hospitali. Hata chuo hiki kimekaa juu ya ardhi ya mtu fulani wa zamani. Tunayo Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967, na jina lake ni la kweli: kutwaa. Tunazo sheria za ardhi za mwaka 1999, namba 4 na namba 5. Na Katiba yetu, ibara ya 24, haikuona haya. Inatumia neno kunyang'anywa, inataja na kutaifisha, na inakataza mtu kunyang'anywa mali yake bila sheria inayoweka fidia inayostahili. Waandishi wa Katiba walijua kwamba kitendo kinaweza kuwa halali na bado kikaitwa kwa jina lake. Ofisi zilizo chini ya Katiba ndizo zinazotafuta maneno laini.

Na kuna maneno ambayo tunaishi nayo sasa hivi na hayana jibu rahisi. Tangu Juni 2022 familia kutoka Ngorongoro zimekuwa zikihamia Msomera, Handeni, na neno rasmi la serikali ni kuhama kwa hiari. Wapo wanaosema walitaka kweli kuhama. Wapo wanaosema hiari inapungua huduma zinapopungua pale unapoishi. Mwanafunzi wa elimu si hakimu wa jambo hilo. Lakini anaweza kufundisha darasa kuuliza: "hiari" inathibitishwa vipi? Je, aliyesema hapana aliweza kubaki na kuishi kama awali? Hilo swali lingeulizwa Engare Nanyuki mwaka 1951, jibu lingejulikana kabla ya kiberiti kuwashwa.

Sasa tushuke chini kabisa, kwetu. Muhula uliopita mimi na wenzangu tulikuwa tumepanga nje ya chuo. Katikati ya muhula, wiki mbili kabla ya mitihani, tulikuta karatasi mlangoni: wapangaji mnaombwa kupisha ukarabati. Kodi tulikwisha kulipa. Siku tatu. Sikuona fundi mpaka leo, nimeona wapangaji wapya kwa bei mpya. Sitaji nyumba wala mwenyewe. Ninachokumbuka ni kwamba hatukuandika hata barua, kwa sababu karatasi ile ilituomba, na mtu akikuomba kwa adabu unaona aibu kubisha. Kitenzi kilifanya kazi ambayo askari wangefanya, tena bila gharama.

Na humu chuoni? Tunasema fulani "kadisko". Sikiliza sarufi yake. Hakudiskoshwa, kadisko mwenyewe, kama aliyeteleza. Hakuna chuo ndani ya kitenzi hicho, hakuna bodi, hakuna mkopo uliochelewa, hakuna mhadhiri aliyepoteza matokeo. Kuna ambaye kweli hakusoma, sawa. Lakini wote tumewaweka kwenye kitenzi kimoja kisichokuwa na mtu mwingine ndani yake. Linganisha na mashuleni, ambako kwa miaka mingi msichana aliyepata ujauzito "alifukuzwa shule". Neno lilikuwa kali na la wazi, na kwa kuwa lilikuwa la wazi watu waliweza kulipinga, mpaka Novemba 2021 serikali ilipotangaza kwamba anaweza kurudi darasani. Ni rahisi kupinga kufukuzwa. Kudisko utakupingaje?

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, na yote yako ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, tukienda mazoezi ya kufundisha, kila tunapofundisha kauli ya kutendwa tusiishie kwenye "mpira umepigwa na Juma". Tuwape watoto sentensi kama "wanakijiji walihamishwa" na tuwaulize maswali matatu: nani aliwahamisha, walikuwa na nini pale, na je, waliweza kukataa? Hiyo ni sarufi, ni historia na ni uraia, kwa dakika arobaini.

Pili, wa Historia na wa Lugha tushirikiane kuliingiza suala la ardhi ya Meru darasani kama somo la uandishi. Malalamiko ya Wameru yanafundisha barua rasmi vizuri kuliko ile barua ya kuomba kazi ya karani tuliyofundishwa sote: wewe ni nani, umefanyiwa nini, na nani, unataka nini. Shule zilizoko kuzunguka mlima huu zina bahati, maana babu na bibi wa wanafunzi wengine walikuwepo.

Tatu, serikali yetu ya wanafunzi ianze na matangazo yake yenyewe. Kiongozi akiondolewa, tuandikiwe nani kamwondoa, kwa kikao kipi na kwa kosa gani. "Uteuzi umetenguliwa" bila mtenguaji tuachane nalo. Na wanafunzi wanaopanga nje wasaidiwe kuwa na mkataba ulioandikwa, wenye kitenzi kinachoeleweka na muda wa notisi unaojulikana. Tukiletewa karatasi mlangoni, tuijibu kwa karatasi, na sentensi ya kwanza imtaje aliyeiandika.